Canberra waliongoza jedwali, Brisbane wakabeba kombe: jibu kwa kijana wa Likoni

SWALI: Kocha, shikamoo. Mimi ni kijana wa Likoni, nacheza raga ya wachezaji saba kila upande. Kaka yangu anafanya kazi Brisbane, Australia, na huko amegeuka shabiki sugu wa Broncos. Oktoba 2025 alinipigia simu sauti ikiwa imemkauka: Broncos mabingwa wa NRL, ligi kuu ya raga ya huko! Nikafungua jedwali, nikaona walioongoza ni Canberra Raiders. Brisbane walimaliza wa nne. Isitoshe, kuna timu zinaongezewa pointi 2 wiki ambayo hazikuingia uwanjani. Kwetu sisi, Gor Mahia akimaliza juu ya jedwali la kandanda ndiye bingwa, maneno yamekwisha. Hii ya kwao ni haki kweli? Na mtu akitaka kuufuatilia msimu mzima, atazame nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana hata mimi lilinisumbua nilipoanza kuitazama ligi ile. Nitakujibu kwa kirefu, na nitashika msimu mmoja uwe mfano wetu: ule wa 2023. Raundi yake ya kwanza iliwakutanisha Penrith Panthers wa Sydney na Brisbane Broncos, msimu ukafungwa na timu hizohizo mbili, na baina ya siku hizo mbili mna kila unachokiuliza.

Jibu fupi nalitanguliza. Kule jedwali halimtoi bingwa. Jedwali linakupa haki ya kukosea mara moja. Anayemaliza ndani ya nafasi 4 za kwanza akipoteza mechi ya kwanza ya mchujo hurudi tena. Anayemaliza wa 5 hadi wa 8 akipoteza hufunga virago. Miezi sita ya jasho inatafuta hiyo nafasi moja ya kukosea. Ukilishika hilo, mengine yote yatakaa sawa.

Lakini kwanza mchezo wenyewe, kwa sababu si ule unaoucheza wewe, ingawa mpira ni wa umbo lilelile. Mwaka 1895 klabu za kaskazini mwa Uingereza zilikutana kwenye George Hotel mjini Huddersfield zikajitenga na chama cha raga. Wachezaji wao walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda; akienda kucheza Jumamosi, mshahara wa siku hiyo umekwenda. Klabu zilitaka kuwafidia, chama kikakataa. Waliojitenga wakaendelea kubadilisha sheria hadi ukazaliwa mchezo mwingine, raga ya ligi, na mwaka 1908 ukaanza kuchezewa mashindano Sydney. NRL tunayoizungumzia ndiyo mrithi wa mashindano hayo, kwa jina hili tangu 1998.

Kila upande una wachezaji 13. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani, ni pointi 4, mkwaju wa baada ya trai 2, penalti 2, na teke la kudundisha mpira ukapita juu ya mwamba wa milingoti kwa kawaida ni 1. Hakuna kurusha mpira kutoka pembeni, hakuna kurundikana juu ya mtu aliyeanguka. Una nafasi sita. Ukikabwa mara ya sita, mpira ni wa wenzako.

Hebu tuzitazame hizo nafasi sita kwa karibu. Timu imeupata mpira karibu na mstari wake yenyewe. Namba 8, mtu wa kilo mia na ushei, anaupokea akikimbia na kujibwaga kwenye ukuta wa watu watatu. Wanamshusha. Anaamka, anauweka mpira chini, anauviringisha nyuma kwa unyayo. Namba 9 anauokota na kumtupia mwingine, naye anajibwaga vilevile. Wakati huo walinzi karibu wote wamelazimika kurudi nyuma mita 10, kisha wachomoke mbele tena kukaba. Kabwa, amka, rudi mita 10, chomoka. Kabwa, amka, rudi. Nafasi ya tano ikishakwisha, namba 7 anaupiga mpira mbali, na zoezi linaanza upya upande wa pili. Hivyo kwa dakika 80, na kocha anaruhusiwa mabadiliko 8 tu. Mchezo huu ni wa uchovu. Aliyechoka zaidi hufika kwenye mstari wake akiwa amechelewa nusu hatua, na trai huingilia hapo. Uchovu wa dakika 80 na uchovu wa miezi sita ni kitu kimoja, na nitaurudia.

Sasa tuje kwenye haki.

Ligi yetu kuu ya kandanda ina timu 18, kila moja inakutana na kila mwenzake nyumbani na ugenini, mechi 34. Mizani imesawazishwa, kwa hiyo anayemaliza juu amestahili. NRL mwaka 2023 ilikuwa na timu 17, baada ya Dolphins, timu ya pili ya jiji la Brisbane, kuingia kwa mara ya kwanza chini ya kocha mzee Wayne Bennett. Kila timu ilicheza mechi 24. Piga hesabu: una wapinzani 16, unakutana na kila mmoja mara moja, zimebaki mechi 8. Basi wapinzani 8 unakutana nao tena na wengine 8 hukutani nao tena. Mmoja kapangiwa vibonde wale wanane, mwingine kapangiwa majabari. Jedwali la namna hiyo haliwezi kumtawaza mtu kwa haki hata kama lingetaka. Kuongeza mechi haiwezekani, miili haitahimili. Kwa hiyo walio juu hukutanishwa uso kwa uso mwishoni. Mimi naona hilo ndilo la haki, na silisemi kwa kuwatetea. Hata Kenya Cup yetu ya raga humpata bingwa kwa nusu fainali na fainali.

Pointi 2 za mapumziko nazo zisikusumbue. Timu zikiwa 17, moja lazima ikae kando. Msimu ule ulikuwa na raundi 27, mechi 24 kwa kila timu, kwa hiyo kila mmoja alipumzika mara 3 na kupewa pointi 6. Mwisho wa safari wote wamepata sawa. Tatizo liko katikati ya msimu: utakuta timu ya tano ina mapumziko 3 tayari na ya nane haijapumzika hata mara moja, na jedwali linakudanganya mchana kweupe. Dawa yake ni kuacha kusoma safu ya pointi na kusoma safu ya mechi zilizopotezwa. Nami huanzia hapo kila Jumatatu. Mwaka 2023 Penrith na Brisbane walimaliza wote na pointi 42. Toa 6, gawa kwa 2, ni ushindi 18 na vipigo 6 kwa kila mmoja. Penrith wakawekwa juu kwa tofauti ya pointi, maana walikuwa wamefungwa pointi chache kuliko timu yoyote. Perth Bears wakiingia mwaka 2027 zitakuwa timu 18, na hesabu hii itabadilika.

Turudi mwanzo wa msimu. Penrith waliuingia wakiwa mabingwa wa 2021 na 2022. Kabla hata ligi haijaanza, Februari, walicheza na mabingwa wa Uingereza, St Helens, nyumbani kwao Penrith, wakapoteza 13–12 katika muda wa nyongeza. Wiki mbili baadaye, Machi 3, raundi ya kwanza ya ligi, nyumbani palepale, wakaja Brisbane. Wakapoteza tena 13–12. Mabingwa wa nchi wamefungwa mara mbili mfululizo mbele ya watu wao kwa pointi moja moja, na vijiwe vya Sydney vikaanza kusema zama zao zimepita. Siku mbili baadaye Dolphins, timu iliyotabiriwa kuburuta mkia, ikaifunga Sydney Roosters 28–18 katika mechi yake ya kwanza kabisa. Machi kule ni mwezi wa hadaa. Yaliyotokea Machi 2023 yalimfanya mtu adhani dunia imepinduka, lakini Dolphins walimaliza wa 13 na Penrith wa kwanza.

Kipimo chenyewe huanza mwisho wa Mei, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu kwetu hatuna kitu mfano wake. Kila mwaka tangu 1980, jimbo la Queensland na jimbo la New South Wales hucheza mechi za State of Origin. Siku hizi ni tatu kila msimu. Mchezaji haendi kwa jimbo anakolipwa bali kule alikotokea. Na ligi haisimami! Fikiria Gor Mahia wakiwa wanawania ubingwa, halafu Jumatano moja wachezaji wao watano bora wanachukuliwa kwenda kupigana mechi ngumu kuliko zote za mwaka, na klabu inatakiwa iendelee na ratiba yake mwisho wa wiki hiyohiyo. Kisha jambo hilo lirudiwe wiki tatu baadaye, na tena mara ya tatu. Watu wa klabu moja hugeuka maadui kwa usiku huo: mwaka 2023 Payne Haas wa Brisbane alivaa rangi ya buluu ya New South Wales na kumkabili Patrick Carrigan, anayesimama naye bega kwa bega kila wiki, aliyevaa rangi ya damu ya mzee ya Queensland. Queensland walishinda 26–18 Adelaide Mei 31, wakashinda 32–6 Brisbane Juni 21, na New South Wales wakajifariji kwa 24–10 Sydney Julai 12.

Waandaaji hupunguza mechi za ligi kwenye wiki hizo na kuzipa timu nyingi mapumziko yao wakati huo. Hata hivyo kila timu kubwa hujikuta Juni au Julai inacheza na nusu ya kikosi. Hapo ndipo unapojua klabu ina watu au ina nyota tu.

Penrith ndiko hilo lilikoonekana. Namba 7 wao, Nathan Cleary, mtoto wa kocha Ivan Cleary, alicheza mechi ya kwanza ya Origin, akarudi klabuni, na mwanzoni mwa Juni akaumia msuli wa nyuma ya paja. Akakosa Origin ya pili na ya tatu, na wiki kadhaa za ligi. Namba 7 katika raga ya ligi ndiye anayepiga mateke, anayepanga mashambulizi, anayewaambia wenzake 12 wasimame wapi. Nafasi yake akapewa Jack Cogger, mtu wa akiba aliyekwishacheza klabu kadhaa, ikiwemo moja ya Uingereza, bila jina lake kuimbwa. Hakufanya miujiza. Alipiga mpira mahali ulipotakiwa kupigwa, akakaba, akanyamaza. Penrith hawakuporomoka. Lishike jina la Cogger.

Wakati huohuo Newcastle Knights walikuwa karibu na mkia wa jedwali, kisha wakashinda mechi 9 mfululizo na kuumaliza msimu katika nafasi ya 5; namba 1 wao, Kalyn Ponga, akapewa medali ya Dally M ya mchezaji bora kwa tofauti ya kura moja tu dhidi ya Shaun Johnson wa Warriors. Na hao Warriors wa Auckland, timu pekee ya New Zealand, walikuwa wamehamishwa Australia kwa sababu ya korona kuanzia 2020 hadi katikati ya 2022. Mwaka 2023 walicheza nyumbani msimu mzima kwa mara ya kwanza tangu 2019, wakamaliza wa nne. Nilifurahi nao kama kwamba ni wa kwetu.

Raundi ya mwisho ilikuwa na somo kwa swali lako hasa. Brisbane wangeweza kumaliza wa kwanza. Badala yake kocha Kevin Walters aliwapumzisha nyota wake wengi dhidi ya Melbourne Storm na kufungwa 32–22. Penrith wakawafunga Cowboys 44–12 na kuchukua uongozi wa jedwali, ambao una ngao yake, ngao ya J. J. Giltinan. Ni heshima, lakini kocha wa Brisbane alipima ngao hiyo na miguu mibichi ya wachezaji wake, akachagua miguu.

Sasa mchujo. Timu 8 zinaingia. Wiki ya kwanza wa 1 anacheza na wa 4, wa 2 na wa 3. Washindi wanapumzika wiki nzima na kusubiri nusu fainali nyumbani. Walioshindwa wanabaki hai. Upande wa chini, wa 5 anacheza na wa 8, wa 6 na wa 7, na hapo hakuna kusameheana. Wiki ya pili walioshindwa wa juu wanakutana na walioshinda wa chini. Wiki ya tatu ni nusu fainali, ya nne ni fainali.

Mwaka 2023 Penrith waliwafunga Warriors 32–6, na Brisbane wakawafunga Storm 26–0. Newcastle waliwatoa Canberra 30–28 katika muda wa nyongeza, Roosters wakawatoa Cronulla 13–12. Warriors na Storm, waliokuwa wamekosea, wakatumia ile haki yao: Warriors 40–10 dhidi ya Newcastle, Storm 18–13 dhidi ya Roosters. Kisha nusu fainali: Penrith 38–4 Storm, Brisbane 42–12 Warriors. Ukiziangalia hizo mbili za mwisho utaona thamani ya wiki ya kupumzika. Waliofika kwa njia ndefu walifika wamechoka.

Tangu mfumo huu wa sasa uanze 2012 hadi 2025 ni misimu 14. Hakuna bingwa hata mmoja aliyetoka nje ya nafasi 4 za kwanza. Karibu zaidi walikuwa North Queensland Cowboys mwaka 2017, waliofika fainali kutoka nafasi ya 8, wakafungwa na Melbourne 34–6. Lakini ndani ya hao wanne, walioongoza jedwali wametwaa kombe mara 5 tu. Uingereza, ambako mfumo ulikuwa tofauti, Leeds Rhinos walimaliza wa 5 mwaka 2011 na tena 2012, na miaka yote miwili wakawa mabingwa. Australia hilo halijatokea chini ya mfumo huu.

Basi sasa unaweza kumjibu kaka yako kuhusu Canberra. Mwaka 2025 wao wa kwanza walicheza na Brisbane wa nne, nyumbani Canberra, na Brisbane wakashinda 29–28 kwa pointi ya dhahabu, yaani katika muda wa nyongeza anayetangulia kufunga ndiye mshindi. Kwa pointi hiyo moja Brisbane walinunua wiki ya mapumziko na nusu fainali nyumbani kwao. Canberra walikuwa na haki yao ya kukosea, lakini sasa walikuwa wameshaitumia. Wakafungwa na Cronulla wiki iliyofuata, wakatoka. Brisbane wakawatoa Penrith 16–14, na fainali wakawafunga Melbourne 26–22. Canberra hawakudhulumiwa. Walipewa nafasi mbili nyumbani na zote zikawaponyoka, ya kwanza kwa unywele.

Lakini nilikuahidi Oktoba 2023, na siwezi kuiacha.

Oktoba 1, Accor Stadium, Sydney, watazamaji 81,947. Mapema siku hiyo palepale wanawake wa Newcastle walikuwa wamewafunga Gold Coast Titans 24–18 na kuchukua ubingwa wao. Penrith walikwenda mapumziko wakiongoza 8–6. Walipotoka, kijana wa namba 6 wa Brisbane, Ezra Mam, alifunga trai tatu katika dakika chache, alikimbia kana kwamba wengine wote wamefungwa mawe miguuni. 24–8. Kisha Jarome Luai, namba 6 wa Penrith, akatoka. Bega aliloliumiza wiki kadhaa kabla lilikuwa limekataa. Zimebaki kama dakika 20, uko nyuma pointi 16, umempoteza mmoja wa wapangaji wako wawili. Katika historia ya fainali za ligi ile hakuna aliyewahi kurudi kutoka shimo la kina hicho.

Aliyeingia ni Jack Cogger. Yule wa Juni.

Kwa sababu Cogger alijua kazi, Cleary aliweza kumwachia mambo ya kawaida, naye mwenyewe akaanza kukimbia. Akauvunja ukuta, akampa Moses Leota, trai, 24–14. Akapiga lile teke wanaloliita 40/20: unapiga kutoka nyuma ya mita 40 za upande wako, mpira unadunda uwanjani kisha unatoka pembeni ndani ya mita 20 za mpinzani, na mpira unabaki wako. Nimewafundisha vijana teke hilo uwanjani bila mtu wa kuwakaba, na wengi hukosa. Yeye alilipiga akiwa nyuma kwenye fainali, miguu imekuwa mizito kwa uchovu. Stephen Crichton akafunga, 24–20. Zikiwa zimebaki kama dakika tatu, Cleary akapokea mpira karibu na milingoti ya Brisbane, akakunja mguu wa kwanza, mlinzi akapita, akakunja wa pili, wakapishana, akaingia. Mkwaju ukapita. 26–24.

Rudia sehemu hiyo ukiipata, na usimtazame Cleary. Watazame walinzi wa Brisbane mbele yake. Wako pale, hawajakosea mahali pa kusimama. Wamechelewa nusu hatua tu.

Huo ulikuwa ubingwa wa tatu mfululizo wa Penrith, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu Parramatta 1981 hadi 1983. Mwaka 2024 wakaongeza wa nne kwa kuwafunga Melbourne 14–6, safari hiyo wakiwa wamemaliza wa pili kwenye jedwali. Na unatakiwa ujue kwamba walifanya hivyo huku wakibomolewa kila mwaka. Ligi ina ukomo wa mishahara: kila klabu ina kiasi kilekile cha kuwalipa wachezaji wake, na anayevuka huadhibiwa vikali. Melbourne Storm walinyang'anywa ubingwa wa 2007 na 2009 kwa kosa hilo. Ukishinda, wachezaji wako wanapanda bei, huwezi kuwalipa wote, wanaondoka. Baada ya fainali ile Crichton alikwenda Bulldogs. Cogger akaenda Newcastle. Mwaka uliofuata akaondoka Luai. Brisbane nao mwaka 2024 walianguka hadi nafasi ya 12, Walters akapoteza kazi, na mwaka mmoja baada ya hapo wakawa mabingwa wa kaka yako, kwa mara ya kwanza tangu 2006. Ligi yetu ingekuwa na ukomo wa namna hii, ningeishangilia.

Kombe lenyewe ulitazame siku moja kwa utulivu. Ni sanamu ya watu wawili wamekumbatiana, mmoja pande la mtu, mwingine mfupi, wamepakaa tope hadi nyuso hazitambuliki. Ni Norm Provan wa St George na Arthur Summons wa Western Suburbs, manahodha wa fainali ya 1963, kama walivyopigwa picha na John O'Gready baada ya kipenga cha mwisho. St George walikuwa wameshinda 8–3, katikati ya ule mfululizo wao wa ubingwa 11 kuanzia 1956 hadi 1966. Aliyeshindwa yumo kwenye kombe pamoja na aliyeshinda, na hakuna anayeweza kuliinua bila kumwinua na yeye.

Mwisho, la kutazama nini. Machi, jizuie. Kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai, tazama kila mechi unayoweza ya timu zilizopoteza wachezaji kwa Origin, na uandike majina ya wanaowashikia nafasi. Agosti, soma safu ya vipigo na uone nani wanne watamaliza juu. Fainali yenyewe huwa Jumapili, mwanzoni mwa Oktoba. Ile ya 2023 ilianza saa moja na nusu usiku saa za Sydney, ambayo hapa Pwani ni saa tano na nusu asubuhi. Kaka yako saa yake ni tofauti na ya Sydney, maana Queensland hawasogezi saa mbele wakati wa kiangazi: kwake ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Mpigie kabla haijaanza, ikishaanza hatapokea.